Mchuma chai anahitaji zaidi ya diklofenaki

Jioni, majani yakishapimwa na lori kuondoka kwenda kiwandani, maduka ya dawa ya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet, katika kaunti za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya, huanza kupokea wateja wa aina moja. Gambuti zina matope, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, mkono mmoja uko kiunoni. Hawana maneno mengi. "Daktari, nipe ile ya mgongo." Aliye nyuma ya kaunta, ambaye huenda si daktari wala mfamasia, anajua "ile" ni ipi. Anahesabu vidonge kumi vya diklofenaki, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, anaandika juu yake moja mara tatu, na biashara imekwisha. Hakuna aliyeulizwa kama ana presha. Hakuna aliyeulizwa kama ameshakula.

Diklofenaki yenyewe ni dawa nzuri, na hilo lisemwe mapema. Goti lililovimba hulegea, mgongo ulioganda hunyooka, na mtu aliyelala akigeuka usiku kucha hupata usingizi. Ndugu zake ni ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, piroksikamu na aspirini. Zote ni ukoo mmoja wa dawa zinazopunguza uvimbe na maumivu bila kuwa na steroidi, na kwa mgonjwa wa viungo aliyepimwa na kuandikiwa na anayefuatiliwa, hazina mbadala rahisi. Tatizo la Kericho na Bomet ni kwamba dawa hiyo imegeuka kuwa kifaa cha kazi. Hainywewi ili mtu apone. Hunywewa ili kesho arudi kwenye majani.

Maelekezo yote ya usalama wa dawa hizi, kuanzia karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi hadi ushauri wa daktari bingwa, yamejengwa juu ya sentensi moja: tumia dozi ndogo kabisa inayokutuliza, kwa siku chache kabisa zinazowezekana. Ni sentensi ya busara. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kupumzika. Mchumaji anayelipwa kwa kilo, au mkulima mwenye nusu ekari anayechuma mwenyewe kwa sababu hana cha kumlipa kibarua, hana "siku chache". Chai huchipua upya kila baada ya wiki moja au mbili, mvua ya alasiri ya nyanda hizi haichoki kuinyesha, na kiunga kilichoachwa bila kuchumwa ni hasara. Kwa hiyo siku chache zinakuwa wiki, wiki zinakuwa misimu, na bahasha ya kaki inakuwa sehemu ya matumizi ya nyumba pamoja na sukari na mafuta ya taa.

Kinachotokea mwilini wakati huo si siri tena. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na wenzake huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazokuza uvimbe na kuufanya mshipa wa fahamu uhisi maumivu makali, basi kuzizuia ni kupata nafuu. Shida ni kwamba hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake yenyewe, na hizo hizo huweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo pale mwili unapokuwa umepungukiwa maji. Kidonge hakina uwezo wa kuchagua goti na kuacha tumbo. Kinazima kote.

Kutokana na hilo, imani mbili zinazosikika sana vijijini zinaanguka. Ya kwanza ni kwamba sindano ya diklofenaki ni salama kwa vidonda vya tumbo kwa kuwa haipiti tumboni. Inapita kwenye damu, na ni kupitia damu ndipo ulinzi wa tumbo unapoondolewa. Kidonge kinachomezwa kinaongeza tu mwasho wa moja kwa moja. Zaidi ya hayo, sindano ya makalioni ikichomwa vibaya inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na mtu aliyekwenda kutibiwa mgongo akatoka na mguu anaouburura. Ya pili ni ya maziwa. Kikombe cha maziwa hutuliza moto wa tumbo kwa muda, kisha huchochea tumbo kumwaga asidi zaidi. Mursik, maziwa ya mgando ya wenyeji wa huku, ni chakula kizuri, na hakuna anayemwambia Mkipsigis aache mursik, lakini si kinga ya vidonda. Kinga inayofahamika ni dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, ambayo daktari huiandika pamoja na dawa ya viungo kwa mtu mzee, kwa aliyewahi kuwa na vidonda, au kwa anayetumia pia steroidi kama prednisoloni au dawa ya kuzuia damu kuganda.

Na moyo je? Hapa historia ina fundisho lake. Septemba 2004 kampuni ya Merck iliondoa sokoni duniani kote dawa yake Vioxx, iliyokuwa imetangazwa kama dawa ya viungo isiyoumiza tumbo, baada ya utafiti kuonyesha kwamba ilizidisha mishtuko ya moyo na kiharusi. Watu wapatao milioni 80 walikuwa wameshaitumia. Tangu hapo wataalamu waligeuka kuzitazama upya dawa za zamani. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa wa majaribio mengi: kati ya watu 1,000 wanaotumia dozi kubwa ya diklofenaki, yaani miligramu 150 kwa siku, au ibuprofeni miligramu 2,400, kwa mwaka mzima, karibu watatu zaidi hupata pigo kubwa la moyo au mishipa ambalo wasingelipata, na mmoja kati yao hufa. Naproksini haikuonyesha hatari hiyo ya mishtuko ya moyo. Lakini zote ziliongeza takribani maradufu hatari ya moyo kushindwa kusukuma damu, na zote ziliongeza matatizo makubwa ya tumbo kwa kati ya mara mbili na nne.

Watatu kati ya elfu si wengi, na mtu mwenye afya anayemeza vidonge vya siku tatu kwa sababu ya kuteguka hana haja ya kukosa usingizi. Lakini angalia dozi iliyotajwa. Miligramu 150 kwa siku ni kidonge cha 50 mara tatu, ile ile "moja mara tatu" ya kwenye bahasha. Ndicho kiwango cha juu kabisa, na uchambuzi ulihesabu mwaka mmoja. Wapo wachumaji wanaokwenda miaka.

Mwaka huo huo wa 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema diklofenaki isitolewe kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye mishipa iliyoziba. Januari 2015 Uingereza ikaacha kabisa kuruhusu vidonge vyake viuzwe dukani bila cheti cha daktari. Shirika la Afya Duniani linaiweka ibuprofeni katika orodha yake ya dawa muhimu, diklofenaki haimo. Hata tumbusi wana ushahidi wao katika kesi hii: huko India, Pakistan na Nepal, ng'ombe walipokuwa wakitibiwa kwa diklofenaki, ndege waliokula mizoga yao walikufa kwa figo kuharibika, na aina tatu za tumbusi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla ya nchi hizo kupiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Figo ya binadamu si ya tumbusi, na mtu anavumilia mengi ambayo ndege hawezi. Ila ni vigumu kusoma habari hizo kisha ukaichukulia dawa hiyo kama peremende.

Turudi Kericho, kwa sababu hatari za huku zina sura yake.

Mchumaji huondoka nyumbani gizani na kikombe cha chai, pengine na kipande cha mkate, pengine bila. Kidonge cha "baada ya kula" humezwa baada ya chai. Anatokwa jasho kwenye mteremko hadi mchana bila maji ya kutosha, na huo ndio wakati figo inazihitaji prostaglandini kuliko wakati wowote. Ikiwa ana presha na kliniki imemwandikia enalapril au losartani pamoja na dawa ya kumfanya akojoe sana, kama haidroklorothiazidi, basi amekusanya mambo matatu ambayo madaktari wa figo wanayaogopa yakikutana: dawa mbili za presha zinazobadilisha mkondo wa damu kwenye figo, na ya tatu ya maumivu inayofunga mlango uliobaki. Juu ya hayo, dawa ya maumivu hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya ile ya kliniki. Mgonjwa anarudi, kipimo kiko juu, anaongezewa dozi ya presha. Bahasha ya kaki haimo kwenye kadi yake, basi hakuna anayejua.

Kuna jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Ukanda wa chai wa Kericho umekuwa kwa muda mrefu moja ya vituo vikubwa vya utafiti na tiba ya virusi vya ukimwi nchini, na wafanyakazi wengi wa mashambani wanaishi vizuri kwa sababu ya dawa hizo. Kidonge kimoja kwa siku kinachotumika sana Kenya leo kina tenofovir ndani yake, na tenofovir nayo hupita kwenye figo na inaweza kuichosha. Kuichanganya na diklofenaki ya kila siku ni jambo ambalo maelezo ya dawa yenyewe yanaonya dhidi yake. Mtu ambaye hajamwambia hata dada yake kwamba anatumia dawa hizo hatamwambia muuzaji mbele ya foleni ya majirani. Hivyo swali linapaswa kuulizwa kwa namna nyingine, faraghani, na upande wa kliniki ya dawa hizo: mama, unatumia nini ukiumwa na mgongo?

Wajawazito nao wamo mashambani. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito dawa za ukoo huu zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwenye pumu naye ana sababu ya kuuliza kwanza, kwa kuwa baadhi yao hubanwa kifua na aspirini na jamaa zake.

Kisha kuna kurundika. Zahanati imempa mtu ibuprofeni. Duka la dawa limemwongezea diklofenaki. Na kioski cha kijiji kinauza vidonge vya kichwa ambavyo vingi vina aspirini ndani. Yeye anaona dawa tatu tofauti za shida tatu tofauti. Tumbo lake linaona dawa moja iliyomezwa mara tatu. Na sokoni siku ya gulio yupo muuza miti shamba mwenye kipaza sauti, mwenye chupa inayotibu viungo, mgongo, nguvu za kiume na mikosi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima bidhaa ya "asilia" ya viungo iitwayo Artri King ikakuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, na ikaeleza kuhusu watu walioumia ini na hata kufa. Dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya goti la miaka kumi kwa nusu saa inastahili kushukiwa kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba inafanya kazi upesi mno.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuwalaumu wauzaji wa dawa. Baadhi yao wanastahili. Kila duka linatakiwa kuwa na leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu na mtaalamu aliyesajiliwa, na kuna vibanda ambavyo vyeti vya ukutani havifanani na mtu aliye kaunta. Lakini muuzaji mwaminifu naye ana jibu lake: nikimkataa, anavuka barabara. Na mchumaji ana hesabu zake, ambazo si za ujinga hata kidogo. Kwenda zahanati ni asubuhi nzima kwenye foleni, asubuhi nzima ni kilo zisizochumwa, na mwisho wa foleni huenda dawa zenyewe hazipo. Bahasha ya kaki ni dakika tatu njiani kwenda nyumbani. Mtu yeyote mwenye watoto shuleni angechagua vivyo hivyo.

Ndiyo maana mjadala wa dozi salama katika nchi ya chai ni mjadala wa kazi vilevile. Wachumaji zaidi ya elfu moja wa mashamba ya James Finlay huko Kericho walipeleka madai yao hadi kwenye mahakama kuu ya madai ya Uskoti, mjini Edinburgh, wakisema kwamba miaka ya kubeba kikapu kizito mgongoni, kwenye ardhi ya mteremko na kwa saa ndefu, imewaharibia mgongo, mabega na magoti. Kampuni ilipinga. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliwaruhusu kushtaki kwa pamoja, kama kundi, na mwishoni mwa 2024 majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi ili kwanza njia ya fidia ya Kenya ifuatwe. Mashamba yenyewe yameshauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Yeyote atakayeshinda mwishowe, kesi hiyo imeweka mezani jambo ambalo kila nyumba kati ya Chepseon na Sotik ililijua: mgongo wa mchuma chai huzeeka mapema.

Njia hiyo ya Kenya ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Inahusu majeraha na pia magonjwa yanayotokana na kazi, na madai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Kwa maneno mengine, ni mfumo wa karatasi. Unauliza: maumivu yalianza lini, nani alikupima, aliandika nini. Mchumaji aliyetibu mgongo wake kwa bahasha za kaki tangu 2015 hana karatasi hata moja. Maumivu yake yote yamemezwa. Siku atakaposhindwa kuinama, atafika mbele ya afisa kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Ukosefu wa karatasi unaumiza pia upande wa tiba, kwani si kila maumivu ya mgongo au goti ni yale yale. Kulika kwa gegedu za viungo, ambako Shirika la Afya Duniani linasema kuliwahusu watu wapatao milioni 528 mwaka 2019, wengi wao wanawake na wengi wakiwa na zaidi ya miaka 55, ni jambo moja. Baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe ni jambo jingine kabisa: asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa kwa saa nzima, vimevimba, na diklofenaki inatuliza huku viungo vikiendelea kuharibika chini yake. Huyo anahitaji methotreksati au dawa ya jamii hiyo, na anaihitaji mapema. Homa na maumivu ya viungo kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi yanaweza kuwa bruselosisi. Mgongo unaouma usiku, pamoja na jasho na kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vidonge vinazima kengele zote hizo kwa usawa.

Hata tumbo lenyewe lina mtego wake katika eneo hili. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, inajulikana mbali kwa sababu ya wagonjwa wengi wa saratani ya umio ambao imekuwa ikiwatibu kwa miaka, na kwa wataalamu wake wa kuingiza kamera tumboni. Katika kaunti ambayo saratani hiyo imewapata wengi kiasi hicho, mtu anayehisi chakula kinakwama au moto kifuani usioisha hapaswi kuambiwa kirahisi kwamba ni "alsa za dawa za mgongo", akapewa dawa ya asidi na kurudishwa shambani. Kinyesi cheusi kinachonata, matapishi yenye damu, kizunguzungu cha ghafla, mkojo uliopungua sana au miguu iliyovimba: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na kuacha kidonge pale pale.

Nini kifanyike, basi? Kwanza, malhamu. Diklofenaki ya kupaka imedharauliwa kama kitu cha wachezaji mpira, ilhali mwongozo wa tiba wa Uingereza wa Oktoba 2022 unaiweka ya kwanza kwa goti lililolika, kabla ya kidonge chochote, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya dawa inayofika kwenye damu. Mwongozo huo huo unasisitiza mazoezi ya kuimarisha misuli, na hauishauri parasetamoli kama tiba ya kawaida ya goti hilo. Parasetamoli bado ina nafasi kwa mtu asiyeweza kutumia ukoo wa diklofenaki, mradi asizidishe na ini lake liwe zima. Malhamu haitafika kwenye uti wa mgongo, hilo ni kweli. Lakini kwa magoti, viwiko na viganja vya wachumaji ingeokoa matumbo mengi, na zahanati za mashamba makubwa zina uwezo wa kuinunua kwa wingi.

Pili, kipimo cha presha kabla ya kidonge. Hapa Kenya ina bahati ambayo haijaitumia vya kutosha. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na mkoba wa kila mmoja una mashine ya presha na kipimo cha sukari. Mhudumu huyo tayari anabisha hodi kwenye nyumba za wachumaji. Akiongeza swali moja kuhusu vidonge vya mgongo, na kuliandika jibu, daktari wa hospitali ya Longisa au ya Kapkatet atakuwa na habari ambayo leo hana. Mwenye presha, sukari au umri mkubwa anayelazimika kutumia dawa hizi kwa muda apimwe kreatinini ya damu kabla na baada ya wiki chache. Ni kipimo cha kawaida cha maabara, si cha hospitali ya rufaa peke yake.

Wauzaji wa dawa wanaweza kuandika jina la dawa na miligramu zake kwenye bahasha, badala ya "moja mara tatu" peke yake. Ni jambo dogo mno, na kukosekana kwake ndiko kunakofanya mtu ameze diklofenaki ya Litein na ya Bomet kwa pamoja. Madhara yakitokea, Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuyaripoti. Mwuguzi aliyempokea mtu anayetapika damu baada ya miezi ya vidonge vya mgongo anapaswa kuijaza, hata kama kila mtu wodini anajua sababu.

Sehemu ngumu ni ya waajiri, na ndiyo inayoepukwa. Mashamba makubwa yamekuwa na zahanati zake tangu enzi za ukoloni, na nyingine ni nzuri kuliko za serikali. Lakini zahanati ya mwajiri inayotoa diklofenaki na kumrudisha mtu kwenye kikapu kile kile asubuhi inafanya kazi ya gereji. Mashine za kuchuma hazijamaliza tatizo. Zimewaondolea wengine kikapu na kuwaondolea wengine kazi yenyewe, na hasira iliyochoma mashine huko Kericho Mei 2023 ilionyesha kwamba watu wangali wanautaka mzigo huo mgongoni kuliko kukaa bila mshahara. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya Momul, Tegat, Kapkoros au Tirgaga hawana mwajiri wa kumdai; kwao vituo vya kununulia chai, ambako wanakutana karibu kila siku ya kuchuma, ndipo mahali pa kuleta mhudumu mwenye mashine ya presha, badala ya kuwangoja kliniki.

Kwa walioajiriwa, chama chao cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, hukaa mezani na Chama cha Wakuzaji Chai, KTGA, kujadili mishahara na masharti. Mazungumzo hayo karibu kila mara hunaswa kwenye asilimia ya nyongeza. Kifungu kimoja zaidi hakingejaza nusu ukurasa: mfanyakazi aliyeandikiwa dawa ya uvimbe na maumivu kwa zaidi ya siku saba apewe kazi isiyo ya kubeba, kama kupalilia kitaluni au kupanga majani, kwa wastani wa malipo yake ya miezi mitatu iliyopita, apimwe presha na figo kwa gharama ya mwajiri, na maumivu yake yaandikwe kwenye rejista ya zahanati pamoja na tarehe, kiungo kinachouma na kazi aliyokuwa akifanya, na nakala ya ukurasa huo akabidhiwe yeye mwenyewe.